Madam wa Wadudu wa Ziwa

Kwa jinsi alivyoliogopa ziwa, mtu asiyemjua angedhani Madam alikulia nchi isiyo na maji. Kila nikimkumbuka namwona amesimama mbali na ufuko, pale ambapo mchanga bado mkavu, mkoba ameubana kwapani, mwavuli kaufungua hata kama hakuna jua wala mvua, anawapigia kelele wanafunzi wanaovuta wavu majini. "Msiende mbali! Nimesema mwisho magotini! Wewe, magoti yako yako kiunoni?" Alitumia miaka yake yote ya kazi kufundisha habari za viumbe wanaoishi ndani ya maji yale, na sikuwahi kumwona amelowesha hata kisigino.

Alitufundisha baiolojia sekondari hapa Musoma. Walimu wote wa kike tuliwaita Madam, lakini wengine walihitaji jina baada ya neno hilo ili mtu ajue anasemwa nani. Yeye hakuhitaji. Hata alipostaafu na kuhamia nyumba yake Bweri, ukimwambia bodaboda "nipeleke kwa Madam," anakushusha mlangoni, na njiani anakusimulia alivyomchapa kwa kuandika kwamba buibui ni mdudu.

Wavu ule aliushona mwenyewe. Wa kwanza aliutengeneza kwa shela la harusi yake. Alitueleza hivyo darasani bila aibu: ndoa ilikuwa imekwisha, shela lilikuwa sandukuni linajaza nafasi, akalikata, akalishona mfano wa faneli, akafunga kichupa mwishoni. "Lilipitisha kila kitu," alisema. "Hata siku ya harusi sikuona lilichozuia." Darasa zima tulicheka, yeye hakucheka. Baadaye aligundua kwamba kinachokamata ni soksi ndefu za kike, zile nyepesi za kuvaa ofisini. Kwa hiyo wauza mitumba sokoni walimfahamu kama mwanamke anayetafuta soksi zilizochanika mguu mmoja, ili auziwe mguu mzima.

Tulipomletea kichupa kutoka ziwani tuliona maji tu, labda yenye vumbi kidogo. Ndipo alipodondosha tone chini ya hadubini ya shule, ile nzito nyeusi yenye kioo cha kukusanya mwanga wa dirishani, akatuita mmoja mmoja. Kila aliyeinama alishtuka akarudi nyuma. Vumbi lile lilikuwa na macho. Lilikuwa na miguu, na mikia, na mimba.

Kitabu kiliwaita planktoni. Yeye alilitaja jina hilo kwa ajili ya mtihani, kisha akaendelea kuwaita wadudu wa ziwa, ingawa wanafunzi aliwachapa kwa kosa hilo hilo.

"Hawa hawawezi kushindana na mkondo," alisema. "Maji yakienda kisiwani Rukuba, nao wanakwenda Rukuba. Yakirudi, wanarudi. Kushoto na kulia hawachagui. Lakini juu na chini wanachagua, na hapo ndipo akili yao yote ilipo. Mchana wanashuka gizani samaki wasiwaone. Giza likiingia wanapanda kula."

Hakutaka tukariri majina. Alisema jina la mdudu ni kama jina la mtu, halikwambii atakufanyia nini. Aliandika ubaoni maswali, na maswali hayo nimeishi nayo kuliko sala nyingine nilizofundishwa: Ana ukubwa gani? Anakula nini, na anakula vipi? Anakaa kina gani? Anamkwepa nani? Anazaa lini? Ukishajibu hayo, alisema, unamjua, hata kama hujui anaitwaje. Na ukishawajibia wote walio ndani ya tone moja, utaona kwamba hakuna wawili wanaokaa nafasi moja kwa muda mrefu. Mmoja atahama kina, au atabadili chakula, au atakwisha.

Watu nao aliwapitisha kwenye maswali hayo hayo. Mkuu mpya wa shule alipojitambulisha mbele ya gwaride, Madam alimtazama tangu salamu hadi wimbo, kisha akamnong'oneza mwalimu wa Kiswahili, na sisi wa mstari wa mbele tukasikia: "Mchujaji huyu. Mdomo wazi, chochote kinachopita anameza." Mwenye duka la nafaka karibu na stendi alikuwa mnyakuaji, yule anayetulia kimya majini halafu anaruka mara moja. Mama aliyetuuzia uji wa ulezi getini alikuwa mmoja wa wale wadogo kabisa wenye vinyweleo kichwani vinavyozunguka kama gurudumu, wanaojivutia maji mdomoni bila kupumzika. "Huyo mnamwona mdogo," alisema. "Siku akikosekana, ninyi wakubwa wote mtazimia kipindi cha tatu."

Somo ambalo nusura limpeleke ofisini kwa mkuu ni la kuzaa. Alitueleza kwamba baadhi ya wadudu wale, maji yakiwa mazuri na chakula kikiwepo, wanazaa majike matupu, na majike hayo yanazaa majike, bila dume yeyote kuhusika. Mambo yakianza kuharibika ndipo madume wanapoonekana, na mayai ya safari hiyo yanakuwa na ganda gumu, yanazama kwenye tope kusubiri siku nzuri.

Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Madam, wanaume ni dalili ya matatizo?"

"Andika hivyo hivyo kwenye mtihani."

Wiki ile akaja mzazi, mzee wa kanisa, amevaa koti, anataka kujua mwanawe anafundishwa nini. Madam hakubishana naye. Alimpeleka maabara akamkalisha kwenye hadubini. Mzee aliinama muda mrefu.

"Huyu ana mimba?"

"Anayo."

"Na mume wake?"

"Hana, mzee. Na hamtafuti."

Mzee aliinama tena. Alipoondoka hakusema lolote kuhusu kumshitaki, ila aliuliza kama anaweza kuja siku nyingine na mke wake.

Pamoja na ulimi ule, Madam alikuwa mtu wa hofu. Aliogopa jiko la gesi, aliogopa radi, alichemsha maji ya kunywa mara mbili. Bodaboda alipanda upande upande na macho ameyafumba tangu Bweri hadi mjini. Dagaa hakula, alisema hawezi kumla mtu aliyekula wanafunzi wake, lakini mgeni akija anamkaangia wengi na kukaa kumwangalia akila. Niliwahi kumuuliza anaogopa nini hasa. Akanijibu, "Naogopa vitu ninavyovijua. Visivyojulikana nawaachia ninyi."

Tatizo la hofu yake ni kwamba alikuwa nayo nyingi, na si yote iliyotimia. Mwaka mmoja alitangaza mtaani kwamba dagaa watapungua, maana ndani ya wavu wake haoni tena wale wadudu wakubwa wanaoliwa na dagaa. Msimu ule dagaa walianikwa hadi pembeni ya barabara. Jirani yake alimletea bakuli limejaa, limefunikwa kitambaa safi. "Madam, hawa ndio waliopungua," alisema, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakashikana mabega kwa kicheko. Madam alipokea bakuli kwa mikono miwili, akashukuru. Lakini aliumia. Tangu hapo, kila aliposema jambo kuhusu ziwa, mtu fulani alitaja bakuli.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaingia kwenye malori, kwanza utingo, baadaye dereva. Nimelala Kahama, Kigoma, Tunduma, na miji mingine ambayo naikumbuka kwa sahani ya chakula tu. Siwezi kukaa. Hata leo, nikikaa mahali wiki mbili, miguu inaanza kuniwasha. Na nikiwa mbali, harufu ya moshi wa samaki inanishika katikati ya barabara na nataka kurudi saa ile ile. Kila niliporudi nilishukia Bunda, kwenye chumba changu cha kupanga mtaa wa Kabasa, nikaoga, kisha nikaja Musoma na kupita kwa Madam.

"Mtembezi umerudi," angesema kabla sijavua viatu. "Unamkwepa nani safari hii?"

Alinipa chai, akasubiri, nikazungumzia bei ya matairi.

Alikuwa na chupa moja kabatini ambayo hakuiazima kwa yeyote. Aliitoa pwani, alikopelekwa mafunzo zamani, na ndani yake mlikuwa na wadudu wa baharini wamelala ndani ya dawa. Wa bahari, alisema, ni wengi wa aina kuliko wa ziwani, na wapo wanaosafiri na mkondo maisha yote, na wapo wanaosafiri utotoni tu. Watoto wa kaa, watoto wa chaza, watoto wa minyoo ya mchangani. Wote wanaanza maisha wakielea, wana miiba na mikia ya ajabu, huwezi kudhani ni kaa. Halafu siku inafika wanashuka chini, wanachagua jiwe, wanabadilika mwili, na habari ya kusafiri inaishia hapo.

"Nilikuweka kwenye kundi la watoto wa kaa," aliniambia siku moja, akiigeuza chupa ile mwangani. "Sasa una mvi. Nadhani nilikosea kundi."

Jambo ninalotaka kulieleza lilitokea kwa sababu ya mdogo wangu, Magesa.

Sisi ni watu wa Butiama kwa baba, na kwa baba maana yake ni ng'ombe. Baba alipofariki, mama alirudi kwa ndugu zake, kijiji cha wavuvi kwenye rasi, magharibi ya Musoma, na Magesa akaenda naye pamoja na ng'ombe waliobaki. Malisho kule ni madogo. Miaka michache baadaye Magesa aliwauza wote mnadani na kununua vizimba vya samaki: fremu za mabomba, mapipa ya kuelea, nyavu, na vifaranga vya sato. Mama aliridhia. Alisema tu, "Mwanangu, huo ndio mwisho wa zizi la baba yenu. Likifa hili, hatuna lingine." Kwa hiyo kila mtu nyumbani alijua kilichokuwa ndani ya maji yale.

Magesa alivifunga vizimba ndani ya ghuba ndogo, chini kabisa ya nyumba, mahali ambapo upepo haufiki na maji yametulia. Mvuvi asingefanya hivyo. Lakini Magesa hakuwa mvuvi. Alikuwa mtoto wa wafugaji, na mtoto wa wafugaji anaweka zizi pale ambapo atasikia ng'ombe akikohoa. Asubuhi aliwapigia samaki mluzi ule ule wa baba. Wakionekana wachovu aliwaongezea chakula, maana mnyama aliyekonda analishwa. Alipompelekea Madam sato wa kwanza, alijisifu.

"Madam, mimi samaki zangu nawasikiaga kutoka kitandani. Mwizi akigusa wavu tu, niko nje."

Madam alikuwa anapaa samaki. Akaweka kisu chini. "Hapo penye maji yaliyolala?"

"Hapo hapo. Kama sebuleni."

"Na chakula kinachobaki kinakwenda wapi?"

"Kinazama, Madam. Si kinazama tu?"

"Kinazama, kinaoza, na kuoza kunakula hewa ya chini. Punguza chakula, mwanangu. Na uvitoe hapo, uvipeleke nje kwenye mdomo wa ghuba, maji yanakotembea."

Magesa alicheka kwa heshima. Huko nje wezi wanakata nyavu, alisema. Akaondoka. Njiani, aliniambia baadaye, alilikumbuka bakuli la dagaa.

Mimi nilikuta mambo yamefika hapo. Ilikuwa mwanzo wa kipupwe, lori langu limelala gereji Bunda likisubiri gia boksi, na Madam macho yalikuwa yamekwisha. Presha ya macho. Alisema anaona mwanga na vivuli, na kwamba dunia imekuwa kama anaitazama kupitia lile shela. Lakini alinitambua kwa hatua.

"Mtembezi. Umekuja na nini?"

"Nimekuja mikono mitupu, Madam."

"Basi rudi. Nenda kwa Magesa, chota maji ya juu, karibu na vizimba. Mchana, jua likiwa utosini. Vuta wavu taratibu. Magotini, usizidi."

Nilikwenda, nikavuta, nikarudi na kichupa. Hadubini ile ya zamani, ambayo shule ilimpa ilipopata mpya, ilikuwa mezani karibu na dirisha, imefunikwa kanga. Aliifunua mwenyewe, akapapasa hadi kwenye kioo, akakigeuza kuelekea mwanga ambao hakuuona vizuri. Kisha akavuta kiti pembeni.

"Leo mimi ndiye mwanafunzi. Niambie."

Sikuwahi kuogopa mtihani wowote kama ule. Niliinama. Kwanza niliona kijani, nyuzi nyuzi za kijani kama pamba iliyochafuka. Nikamwambia. Kisha kitu kikapita kinaruka ruka.

"Ana ukubwa gani?"

"Mkubwa, Madam. Mkubwa kuliko wote humu."

"Anakwendaje?"

"Anarukaruka, kama mtu anayepanda ngazi akiteleza."

"Kichwani ana nini?"

Nilitazama hadi jicho likatoa chozi. "Ana mwiba. Mrefu, umesimama."

"Umeuona mwiba, au unataka kuuona kwa sababu nimeuliza?"

Nilijua kwamba nikisema vibaya, vizimba vitahamishwa bure, nyavu zitakatwa na wezi, na itakuwa bakuli la pili. Nikisema vibaya upande mwingine, zizi la mama litakufa. Nikainama tena, nikasubiri arudi. Alirudi. "Ninauona, Madam. Na mgongoni kuna mayai."

"Wapo wangapi wa namna hiyo?"

"Wengi. Ndio wengi kuliko wengine."

Madam alihesabu kwa vidole.

"Mkubwa, mwenye mwiba, mwenye mayai," alisema. "Huyo ndiye samaki anayemwona kwanza. Mchana huu anatakiwa awe chini gizani amejificha. Mchana, karibu na sato wale wote, amepanda juu kufanya nini? Anajua ataliwa. Ameona afadhali aliwe kuliko kukaa na kilichoko chini." Akasimama, akatafuta mkoba. "Chini hapakaliki tena. Upepo wa kipupwe ukikaza, maji ya chini yasiyo na hewa yatapanda, na samaki wa Magesa hawana pa kwenda. Wamefungiwa. Niitie bodaboda."

Alipanda, macho ameyafumba kama kawaida, ingawa sasa haikuwa na maana, na mimi nikafuata na nyingine. Kule rasini alishuka, akafungua mwavuli, akasimama kwenye mchanga mkavu. Magesa alikuwa anatengeneza wavu. Alimwamkia, akamletea kiti. Madam hakukaa.

Alimweleza yote. Mwiba, mayai, giza, hewa ya chini. Magesa alisikiliza akiangalia vidole vyake.

"Madam, nisamehe. Hao wadudu mi siwaoni. Samaki nawaona, na wanakula. Juzi walikuwa juu juu asubuhi wanapumua kwa mdomo, nikawaongezea chakula, wakatulia."

"Wewe mtoto, walikuwa hawana hewa! Umempa ugali mtu anayekabwa!"

"Kila mwaka unasemaga jambo, Madam," alisema Magesa polepole. Sauti yake haikuwa na dharau, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nikivipeleka nje nikaibiwa, nitamwambia nini mama? Kwamba mdudu aliruka?"

Mama alikuwa mlangoni juu, anatuangalia. Madam aligeuza uso kuelekea sauti ya maji. Nilidhani ameshindwa.

"Baba yenu," alisema hatimaye, "ng'ombe wake wote walilala Butiama?"

Magesa akainua kichwa. "Hapana."

"Walilala wapi?"

"Wengine walikuwa kwa rafiki yake Kiabakari. Wengine kwa mjomba, upande wa Bunda."

"Kwa nini? Zizi lake lilikuwa dogo?"

"Halikuwa dogo." Magesa alikuwa anazungumza kama mwanafunzi aliyesimamishwa. "Ni ili ugonjwa ukiingia, au wezi, usiwakute wote. Kila mfugaji anafanyaga hivyo, Madam. Hata wewe kwenu."

"Hata mimi kwetu. Sasa nani kakufundisha kuweka samaki wote zizi moja?"

Magesa alikusanya wavu, akauweka pembeni, akampigia simu rafiki yake mwenye boti ya injini aliyekuwa na kambi kwenye mdomo wa ghuba. Kesho yake walikokota nusu ya vizimba hadi kule, taratibu, kama watu wanaohamisha mgonjwa. Nusu nyingine ilibaki chini ya nyumba. Madam alisema nusu haitoshi. Magesa alisema nusu ndiyo anayoweza.

Zikaja siku za kusubiri ambazo sizitamani tena. Gia boksi ilifika Bunda, mwenye lori akanipigia, nikamwambia bado. Mimi, ambaye sikai. Magesa alikuwa anaamka kila saa, nusu ya masikio yake yako kule nje asikosikia kitu. Wavuvi walimtania: "Magesa, ng'ombe zako za ugenini zimezaa?" Mama hakutania wala kuuliza. Alikuwa anatazama miti, kama majani yanatikisika.

Upepo ulikuja jioni moja kutoka kusini, baridi, ukavuma bila kupumzika. Alfajiri harufu ndiyo iliyotuamsha, harufu ya yai bovu, imejaa ndani ya nyumba. Magesa alishuka mbio bila viatu. Maji ya ghuba yalikuwa yamegeuka rangi, kama chai iliyotiwa maziwa machafu, na ndani ya vizimba samaki walikuwa wamelala ubavu, weupe, wote, kutoka ukingo hadi ukingo. Alipiga mluzi. Sijui kwa nini alipiga mluzi. Kisha akakaa ndani ya maji na nguo zake, na mama akashuka akakaa karibu naye kwenye jiwe, bila kumgusa.

Hatukuthubutu kwenda nje, kwenye mdomo wa ghuba. Hatimaye mama ndiye aliyesema, "Nendeni mkatazame kwa rafiki."

Nikasema nitakwenda kumchukua Madam kwanza. Ndivyo nilivyosema, na mpaka leo sijui kama ilikuwa heshima au nilikuwa naikimbia dakika ile.

Nilimkuta Bweri amekaa nje, mwavuli mapajani, amevaa viatu. Nilimweleza ya ghubani. Hakusema "si nilikwambieni." Aliuliza mama anaendeleaje. Kisha akauliza ya nje.

"Hatujakwenda, Madam."

"Mnaogopa."

"Tunaogopa."

Aliamka. "Twende wote. Mimi nina uzoefu."

Kule ufukweni Magesa alikuwa ameshatayarisha boti ya rafiki yake, aliyeiacha kwetu akasafiri siku mbili kabla. Nilidhani Madam atasimama kwenye mchanga mkavu kama siku zote, sisi twende turudi na habari. Hakusimama. Alitembea hadi viatu vikaingia majini, akanyoosha mkono hewani, akasema, "Mnishike. Mmoja huku, mmoja huku. Na mkiniangusha nitawafelisha wote wawili." Tulimnyanyua kama mtoto. Alikaa katikati ya boti, ameng'ang'ania ubao kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine, midomo inasema sala kwa lugha ya kwao. Injini ilipowaka alipiga ukelele. Hakuna aliyecheka.

Tulipokaribia mdomo wa ghuba harufu ilipungua, halafu ikaisha. Mawimbi yalikuwa safi, ya baridi. Magesa alizima injini mbali kidogo, tukaelea kuelekea vizimba. Juu ya maji hakukuwa na kitu cheupe. Lakini hilo halikututuliza, huenda walikuwa wamekwisha kuzama. Maji yalikuwa yanapiga mapipa, basi.

"Mnaona nini?" aliuliza Madam.

"Hatuoni kitu, Madam."

"Wape chakula."

Magesa alichota konzi moja kwenye gunia la chakula, akarusha. Punje zilielea. Kitambo kidogo kilipita, kirefu kuliko barabara yoyote niliyoendesha. Kisha uso wa maji ukapasuka. Sato walipanda kwa pamoja, mikia inachapa maji, inachapa nyavu, sauti kama mvua kubwa inapoanza juu ya bati, na matone yakaturukia hadi usoni. Magesa alijifunika macho kwa kiganja. Mimi nilikuwa nasikia mkono wa Madam ndani ya wangu, umekaza hadi mifupa inaniuma.

Chakula kiliisha, maji yakatulia.

"Hapa chini ni kina gani?" aliuliza.

Magesa akamwambia. Madam alifumba macho yale ambayo hayakuwa yanaona. Miaka yote niliyomjua, hakuna aliyefuga samaki aliyetoka kwake bila kuambiwa apunguze chakula.

"Ongeza kidogo," alisema. "Nisikie tena."